Niliwachagua Walio Safi

Kanuni niliiandika kwa mkono wangu, kwa hati ile ile niliyoandikia ubaoni miaka yote ya ualimu, nayo ilikuwa na vipengele viwili. Cha kwanza: asiingie kwenye kamati mtu yeyote aliyewahi kuvaa sare ya polisi. Cha pili: asiingie mtu yeyote aliyewahi kulala mahabusu. Mtendaji wa kata aliisoma mara moja tu akasema, "Hapo umemaliza, Mwalimu." Mimi pia niliona nimemaliza. Naandika maungamo haya kwa sababu vipengele vile viwili vilitufanya tutie saini uongo, na aliyeulipia uongo huo si mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Naishi katika kata moja pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kata siitaji, kituo cha polisi sikitaji, wala jina la mtu. Ninayekuja kumshtaki hapa ni mimi mwenyewe.

Wanaoijua Dodoma ya zamani watakumbuka kwamba huku kwetu palikuwa na mashamba ya mtama na uwele, mibuyu na vumbi. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, viwanja vikapimwa, nyumba za kulala wageni zikaota, baa zikaota, vijiwe vya bodaboda vikaota. Wananchi tulichangishana tukajenga kituo kidogo cha polisi: tofali zetu, mchanga wetu, bati kutoka kwa wenye nafasi. Majina ya wachangiaji wakubwa yalisomwa siku ya ufunguzi tukapigiwa makofi. Jambo hili la kuchangia nitalirudia, kwa kuwa sehemu ya kosa langu imejificha humo.

Baadaye ikaja misako ya usiku. Vijana walizolewa vijiweni kwa kosa la uzururaji, wengine wakirudi na malalamiko ambayo hayakuwa na pa kwenda. Ulikuwa mwaka 2023. Januari ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa amezindua Tume ya Haki Jinai hapa hapa kwetu, Ikulu ya Chamwino, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na wajumbe wake walipita mikoani kukusanya maoni. Kila kijiwe kilizungumza habari za polisi. Diwani, mtendaji na mkaguzi wa polisi wa kata wakakubaliana tuwe na kamati ndogo ya wakazi: isikilize malalamiko dhidi ya askari wa kituo, ioneshwe vitabu pale mkuu wa kituo atakaporidhia, na iandike taarifa. Haikuwa kamati ya kisheria, yalikuwa makubaliano ya ujirani mwema. Nikaombwa niwe katibu na nipendekeze majina.

Nikapendekeza mchungaji, shehe, mwalimu mkuu, mhasibu mstaafu wa wizara, mwenye duka la dawa na mkulima mkubwa wa zabibu. Mimi nikawa wa saba. Ungetupanga mbele ya ofisi ya kata ukatupiga picha, ungepata picha ya kutundika ukutani.

Watu wawili walikataliwa, na kalamu iliyowakata ilikuwa yangu.

Wa kwanza alikuwa sajenti mstaafu. Alikuwa amefanya kazi kaunta kwa muda mrefu, Singida na Tabora, na sasa anafuga kuku mtaa wa pili kutoka kwangu. Alikuja na barua yake ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Nilimwambia, "Mzee wangu, kamati hii ni ya raia." Akajibu, "Sawa, Mwalimu. Ila vile vitabu vina namna yake ya kusomwa." Nikayachukua maneno yale kuwa majivuno ya askari asiyejua kwamba amestaafu.

Wa pili alikuwa mama anayeuza mboga: mlenda mkavu, mchicha, nyanya. Wanawake wenzake walimpendekeza kwenye mkutano wa mtaa kwa vigelegele. Alikuwa amewahi kukamatwa kwenye operesheni ya kuondoa wanaouza kandokando ya barabara, akalala ndani. Nililikata jina lake, na kwenye kikao nikasema tusije tukaonekana tuna kisasi na polisi. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa. Sababu yenyewe ni kwamba sikuweza kujiona nimeketi meza moja na mwanamke aliyetoka mahabusu. Nilikuwa mama wa heshima, na heshima yangu niliiona kama kigezo.

Sitaki kujisingizia kwamba kanuni ile niliiokota hewani. Kipengele cha kwanza kilikuwa na hoja inayoeleweka na kila Mtanzania. Januari 2022 mfanyabiashara kijana aliuawa Mtwara, na askari polisi wakatuhumiwa. Mwezi uliofuata Rais mwenyewe alihoji hadharani itakuwaje polisi watuhumiwe kwa mauaji na uchunguzi uwe wao, akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Maneno yale yaliniingia. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, hilo hata watoto wa darasa la tatu wanalijua. Nikajiambia: kama polisi hawezi kumchunguza polisi, basi hata aliyekuwa polisi zamani asikaribie.

Hoja ilikuwa nzuri. Nilipoiharibu ni pale nilipodhani kwamba ukiondoa anayependelea upande huu, ukaondoa anayependelea upande ule, wanaobaki katikati ndio waadilifu. Sikujiuliza kama hao wa katikati wanajua chochote.

Lalamiko lililotufunua lililetwa na kijana wa bodaboda. Alisema alikamatwa Ijumaa usiku kijiweni, akawekwa ndani, akatolewa Jumatatu mchana bila kufikishwa mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Uzururaji si uhaini. Kama kijana alisema kweli, alikaa ndani zaidi ya mara mbili ya muda huo. Pikipiki haikuwa yake, alikuwa akiendesha kwa mkataba. Siku alizokuwa ndani hesabu haikupelekwa kwa tajiri, naye tajiri akaichukua pikipiki yake akampa mwingine.

Tukaenda kituoni. Mkuu wa kituo alitupokea kwa unyenyekevu mkubwa, viti vikafutwa vumbi, soda zikaagizwa. Ukutani, juu ya kaunta, kulikuwa na tangazo kwamba dhamana ni bure. Kitabu cha mahabusu kilikuwa mezani, tayari kimefunguliwa, na rula imewekwa chini ya mstari tuliotakiwa kuusoma. Jina la kijana lilikuwepo. Ameingia Jumapili saa moja jioni. Ametoka Jumatatu saa sita mchana, kwa dhamana. Kila kitu ndani ya saa 24.

Mchungaji alimgeukia kijana kwa upole. "Mwanangu, una uhakika na siku?" Kijana akaangalia miguu yake. Alisema, "Nina uhakika, baba," lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujua kwamba kitabu kitaaminiwa kuliko yeye. Mama yake alikuwa nje, chini ya mwarobaini, ameketi na kanga yake begani. Hakuna aliyependekeza aitwe. Mhasibu wetu alikagua kama mwandiko umefutwafutwa, akaona haukufutwa. Tukamaliza soda zetu.

Taarifa niliiandika jioni hiyo. Nakumbuka sentensi yake kuu kwa sababu niliipenda: "Kamati imejiridhisha kwamba malalamiko haya hayana msingi." Sote saba tukatia saini, na yangu ikawa ya kwanza.

Miezi ikapita. Nikakutana na sajenti mstaafu msibani, tumeketi kwenye majamvi tukingoja mwili. Yeye ndiye aliyeanza, tena kwa heshima. "Mwalimu, ile kesi ya kijana wa boda, mliangalia makabidhiano ya zamu?" Nikamwambia tuliangalia kitabu cha mahabusu. Akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kama ninavyowaeleza watoto hesabu za kugawanya.

Kila zamu inapobadilishana, anayetoka anamkabidhi anayeingia. Wanaandika kwenye kitabu cha matukio: silaha ngapi, funguo, vielelezo, na mahabusu wangapi. Jina la mtu, alisema, linaweza kucheleweshwa. Unamweka ndani Ijumaa, unamwandika Jumapili, na kwenye kitabu cha mahabusu anaonekana mgeni wa Jumapili. Lakini askari anayepokea zamu anahesabu vichwa kabla ya kuweka saini yake. Hawezi kukubali kupokea watu watano huku ameandikiwa wanne, maana akitoroka mmoja, msala ni wake. "Kwa hiyo, Mwalimu, majina yanaweza kudanganya. Idadi haidanganyi, kwa sababu kila askari anajilinda dhidi ya mwenzake. Ungelinganisha idadi ya Jumamosi asubuhi na majina ya Jumamosi asubuhi. Basi."

Usiku huo sikulala vizuri. Mkuu wa kituo yule alikuwa amehamishwa, na aliyekuja baada yake hakuwa na sababu ya kunificha chochote. Nilikwenda kama katibu, nikaomba kuona kitabu cha matukio cha wiki ile. Makabidhiano ya Jumamosi asubuhi: mahabusu watano. Kitabu cha mahabusu kwa saa hiyo hiyo: majina manne. Makabidhiano ya Jumamosi jioni: watano. Majina: manne. Jumapili mchana vivyo hivyo. Jumapili saa moja jioni jina la tano linaingia, na kuanzia hapo hesabu inatoka sawasawa, kama wanafunzi wamenakiliana majibu.

Ushahidi ulikuwa kaunta ile ile, hatua chache kutoka tulipoketi kunywa soda, katika kitabu ambacho hakuna kati yetu aliyejua kukiomba. Hapakuwa na siri, wala kabati lililofungwa, wala ukurasa uliochanwa. Watu saba wenye elimu walipita mbele yake, na mtu pekee katika kata nzima ambaye angekiomba bila kufikiri nilikuwa nimemrudishia barua yake.

Sasa lile la mama wa mboga. Nilikwenda kununua mlenda, nikamsimulia nusu ya habari, kwa aibu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza, "Mliuliza nani alimpelekea chakula?" Nikasema hapana. Akacheka, kicheko kisicho na furaha. Mahabusu wa kituo kidogo, alisema, anakula cha nyumbani. Chakula kinapelekwa na mama, mke au dada, na askari wa kaunta anamwambia aliyekileta akionje kwanza mbele yake, isije ikawa kuna sumu. "Yule mama wa kijana alikuwa pale pale nje. Mngemuuliza tu: ulionjeshwa chakula siku gani? Mtu haonjeshwi chakula cha mahabusu ambaye hajafika."

Kumbe mama yule alikuwa amepeleka ugali na mlenda Jumamosi mchana, akaonjeshwa mbele ya watu waliokuwa wakingoja kaunta. Mashahidi walikuwepo, wengine ni majirani zangu. Sikuwatafuta kwa kuwa sikujua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Mimi sijawahi kupeleka chakula kituoni, wala mchungaji, wala mwenye duka la dawa. Tulikuwa kamati ya watu ambao polisi huwapigia saluti, na tulipewa kazi ya kuelewa maisha ya watu ambao polisi huwapigia kelele.

Kuna jambo jingine lililonichukua muda kulikubali. Nilidhani sisi saba hatuna upande. Tulikuwa nao. Mwenye duka la dawa alihitaji doria ipite kwake usiku. Mkulima wa zabibu alikuwa akiibiwa msimu wa mavuno na kila mara alikimbilia kituo kile. Kanisa na msikiti vilihitaji askari siku za ibada kubwa. Mimi na mhasibu majina yetu yalisomwa siku ya ufunguzi. Tulikuwa wateja wa kituo, tena wateja wazuri, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kumuudhi mkuu wa kituo kwa ajili ya kijana asiye na pikipiki. Mama wa mboga niliyemkataa kwa hofu ya kisasi angeingia na kinyongo kinachojulikana, kila mtu anakiona, na anaweza kupingwa kwa hicho. Upendeleo wetu ulivaa suti, kwa hiyo haukuonekana.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma orodha za wajumbe wa vyombo vya namna hii kwa jicho jingine. Katiba yetu, ibara ya 129, inayounda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inataka mwenyekiti awe mtu mwenye sifa za kuwa jaji, na inataka mwenyekiti na makamu wake wasitoke upande mmoja wa Muungano. Ni busara. Lakini waandishi wa ibara hiyo walifikiria upande wa bahari mtu anaotoka, hawakufikiria upande wa kaunta. Tume ya Haki Jinai ilikuwa na wakuu wawili wastaafu wa Jeshi la Polisi, Said Mwema na Ernest Mangu. Kenya, katika ibara ya 246 ya Katiba ya 2010, inataka Tume ya Huduma ya Polisi iwe na maafisa wawili waandamizi wastaafu wa polisi, na juu yao Inspekta Jenerali na manaibu wake wawili nao ni wajumbe. Mamlaka yao ya kusimamia utendaji wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, imekuwa na wenyeviti watatu hadi sasa, Macharia Njeru, Anne Makori na Issack Hassan, wote wanasheria.

Sina ugomvi na majaji, wanasheria wala wakuu wastaafu. Ninachosema ni kwamba ule ukuta nilioujenga katani kwangu unajengwa pia huko juu, kwa matofali makubwa zaidi. Aliyekuwa polisi akiingia, anaingia yule aliyekuwa na nyota nyingi begani, ambaye mara ya mwisho kushika zamu ya usiku kaunta ni miongo iliyopita. Anajua bajeti, anajua amri, anajua siasa za juu. Jinsi Ijumaa inavyogeuzwa kuwa Jumapili anaijua sajenti. Na aliyelala ndani haingii kabisa, isipokuwa kama shahidi: anaitwa, anatoa maelezo, anapewa nauli, anarudi kwao.

Kwamba nani anakaa kitini hubadilisha kinachoonekana, nchi hii ina somo lake. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, mikononi mwa polisi. Waziri wa Mambo ya Ndani akaunda kamati chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema, ndani yake wakiwemo wanahabari, afisa wa polisi na afisa wa jeshi la wananchi. Tume ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wake. Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri nao wakafanya wao. Tukio ni moja, kijiji kimoja, mchana kweupe, na taarifa hazikulingana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wananchi tulibaki tukilinganisha taarifa, na kila mtu akaamini ile iliyoandikwa na watu anaowaamini.

Novemba 2025, Rais alipounda tume ya kuchunguza yaliyotokea wakati na baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, chini ya Jaji Chande Othman tena, na Said Mwema akiwemo tena, swali la kwanza mitaani halikuwa tume itachunguza nini. Lilikuwa: hao ni akina nani, na nani kawateua? Ni swali la haki. Ila nilipolisikia nilikumbuka kwamba hata mimi nililiuliza swali hilo hilo, nikalijibu kwa kuchagua watu wasio na uhusiano na yeyote, nikaanguka. Kujua nani kamteua mjumbe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua mjumbe huyo akifika kituoni ataomba kitabu gani, na mama aliyeketi chini ya mti atamfungulia mdomo au hatamfungulia.

Wapo waliothubutu. Ireland ya Kaskazini, baada ya vita vyao vya miaka thelathini, waliunda bodi ya polisi yenye wajumbe 19: kumi wanasiasa wa vyama mbalimbali na tisa raia wasio wanasiasa. Chama cha Sinn Féin kilisusa kwa miaka kadhaa. Kilipoingia mwaka 2007, mmoja wa wajumbe wake alikuwa Alex Maskey, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kesi miaka ya 1970. Mtu ambaye dola ilimfungia aliketi kuwasimamia polisi wa dola hiyo, na meza haikuvunjika.

Na uwezo wa kusoma kituo si jambo dogo. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi, katika Kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa mwili ukaonesha majeraha ambayo mtu hajisababishii, na IPOA ikabaini kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umechezewa. Hayo yaligunduliwa na watu waliojua cha kutafuta. Kamati yangu ingesoma maelezo ya polisi, ingeona hayakufutwafutwa, ingetia saini.

Nilimwuliza sajenti kama angekuwa peke yake angetosha. Alikataa haraka. "Hapana, Mwalimu. Mimi ningewahurumia vijana wa zamu. Najua walivyochoka, najua walivyoagizwa. Ningeona idadi haitoshi, halafu ningetafuta namna ya kuwasitiri. Ndiyo maana yule mama wa mboga angefaa akae karibu yangu." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimewakata watu wawili ambao kila mmoja alikuwa dawa ya ugonjwa wa mwenzake. Kama ningepewa kalamu tena, ningewaweka hao wawili kwanza, tena wachaguliwe na mkutano wa mtaa na si na katibu, kisha ndipo ningemtafuta mwanasheria mmoja na kiongozi mmoja wa dini wa kukaa nao. Na ningeandika kwamba kamati ndiyo inayosema kitabu gani kifunguliwe, na kwenye ukurasa upi.

Bado sijafika kwenye lililo baya kuliko yote. Baada ya kuona makabidhiano yale, nilinyamaza. Nilijiambia kamati haina nguvu ya kisheria, mkuu wa kituo kahamishwa, kijana amepata kibarua cha ujenzi Mtumba, yamepita. Nilikuwa nailinda saini yangu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa watuhumiwa wa mauaji huko Mwanza na Shinyanga. Hakumpiga mtu, hakuwa hata mkoani, lakini yalikuwa yamefanyika chini yake. Habari hiyo nimewafundisha watoto katika somo la uraia kwa miaka, nikiwauliza maana ya uwajibikaji na kuwapa alama mbili kwa jibu sahihi. Na mimi, kwa karatasi niliyoiandika mwenyewe, sikuweza hata kwenda hatua chache hadi ofisi ya kata.

Nilipokwenda hatimaye, mtendaji alisema suala limefungwa na kamati yenyewe haipo tena. Ni kweli, hakuna aliyetuita tena, na hakuna aliyelalamika kwetu tena. Watu walikuwa wameshatusoma.

Basi nikaenda kwa mama wa kijana. Alikuwa akipepeta uwele nje. "Mbukwa," nikamsalimu, akaitikia bila kusimama. Nikamweleza yote: idadi, majina, Jumamosi, chakula. Nikamwomba radhi. Nikamwambia Tume ya Haki za Binadamu iko hapa hapa Dodoma, kwamba kulalamika hakuna malipo, na kwamba nitamsindikiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Tulikwenda, Mwalimu. Mwanangu alipofika na karatasi yenu mkononi aliambiwa kamati ya kata imeshachunguza. Karatasi yenu ndiyo iliyosomwa kwanza." Akashika ungo wake tena. "Radhi nimeipokea. Lakini wewe uliandika. Basi andika tena."

Nimeandika barua ya kufuta taarifa ile, yenye tarehe na nakala za kurasa nilizoziona, na kijana ameichukua aipeleke anakotaka. Na kwa kuwa taarifa ya kwanza ilisomwa mbele ya watu, hii nayo naisoma mbele ya watu. Kijana aliingia mahabusu Ijumaa usiku na akatoka Jumatatu mchana. Jina lake liliandikwa Jumapili. Malalamiko yake yalikuwa na msingi. Mimi, katibu wa kamati, niliandika kwamba hayana, bila kujua kusoma vitabu nilivyotumwa kusoma, na baada ya kujua, nilinyamaza.